Dondoo muhimu: Jenga, wageni wakiwa sebuleni

Wageni wakiwa wengi na muda mchache, mimi nachagua Jenga, mchezo wa kuchomoa vipande vya mbao kwenye mnara na kuviweka juu yake bila kuuangusha, kuliko mchezo wowote wa maswali. Mtoto na bibi yake wanauelewa kwa dakika moja, na anayetazama roho inakuwa juu sawa na anayecheza. Aliyeubuni, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili, akauzindua London mwaka 1983.

Kwanza toa kitambaa mezani, kinateleza. Panga vipande 54 kwa tabaka 18, vitatu vitatu, kila tabaka likikatiza la chini yake. Tumia mkono mmoja tu. Kubadilisha ruksa, yote miwili kwa pamoja hapana.

Siri iko kwenye vipande vyenyewe. Havilingani kabisa kwa unene, kwa hiyo vingine vinabeba uzito na vingine vimelegea. Gusa kwa ncha ya kidole. Kikisogea bila mnara kutikisika, kisukume taratibu hadi kitokeze upande wa pili, kisha kivute. Kikikaza, achana nacho, jaribu kingine. Wengi wanaouangusha ni wale wanaong'ang'ania. Zamu yako inaisha sekunde 10 baada ya kuweka kipande juu, au mwenzako akiugusa mnara. Mnara ukianguka kabla ya hapo, umeshindwa wewe.

Huna Jenga? Kokoto kumi na duara la chaki sakafuni vinatosha kwa mdako. Rusha moja juu, zoa zilizo chini, idake kabla haijatua.