Mbio za Baiskeli Novemba, Ukiwa na Miaka Sitini

Kaskazini mwa Michigan, Marekani, Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Novemba huwa ni siku ya Iceman Cometh Challenge, mbio za baiskeli za milimani kutoka mji mdogo wa Kalkaska hadi viunga vya Traverse City. Ni kama kilomita 48 za msitu, mchanga na vilima vifupi vinavyofuatana. Mbio hizi zilianza mwaka 1990 na waendeshaji 35, na siku hizi huja maelfu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, mkazi wa Michigan kwa muda mrefu sasa, na nina miaka sitini. Kila vuli vijana wa kwetu huniuliza: mama, unapata wapi nguvu za kushindana wakati wenzako wameshatundika baiskeli?

Huwa nawajibu kwamba Novemba natumia nguvu nilizozitunza Oktoba. Nyingi ya kazi za mwezi ule ni za kulinda, na ndiyo maana nimeamua kuziandika hapa.

Tuanze na moyo. Mapigo ya juu kabisa hushuka kadiri umri unavyopanda, na hakuna mazoezi yanayozuia hilo. Wengi bado hutoa umri wao kwenye 220. Hesabu ya Tanaka na wenzake, iliyotolewa mwaka 2001, inatufaa zaidi sisi wenye umri: chukua 208, toa asilimia 70 ya miaka yako. Kwa mtu wa miaka sitini inatoka 166 badala ya 160. Huo ni wastani tu, lakini mapigo sita si kitu kidogo. Ukifuata hesabu ya zamani unaweza kupunguza mwendo kwenye kilima ambacho bado unakimudu.

Lakini kilichobadilika zaidi kwangu ni muda wa kupona. Kijana atapanda vilima kwa nguvu Jumanne na kurudia Alhamisi. Mimi baada ya siku ngumu nahitaji siku mbili nyepesi, pengine tatu. Kwa hiyo wiki yangu ya Oktoba ina siku moja tu ya vilima vikali, siku moja ya safari ndefu ya taratibu, na vipindi viwili vifupi vya kubeba vyuma, hasa kuchuchumaa na uzito mabegani. Siku zinazobaki natembea, nalala mapema, nakula vizuri. Misuli ya mtu mzima huhitaji protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja kuliko ya kijana, takriban gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili. Nina kilo 65, kwa hiyo nalenga gramu 26: mayai matatu na glasi ya maziwa yananifikisha hapo asubuhi.

Wiki mbili za mwisho napunguza muda wa kuendesha hadi karibu nusu, ila ukali siupunguzi. Vilima vinabaki, vinakuwa vichache tu. Hapa ndipo wengi wa rika langu wanapojimaliza, kwa sababu kupumzika kunawatia hofu, nao huenda kutafuta mazoezi ya dakika za mwisho. Mtazame Ned Overend. Mwaka 1990 alikuwa bingwa wa dunia wa baiskeli za milimani, na mwaka 2015, akiwa na miaka 59, akatwaa ubingwa wa Marekani wa baiskeli za matairi mapana, akiwashinda watu wa umri wa wanawe. Naye anajulikana kwa kuthamini mapumziko kuliko wingi wa kilomita.

Sasa njoo kwenye mchanga, maana msitu ule umelala juu ya mchanga ulioachwa na barafu ya kale. Gurudumu la mbele likizama, usukani unaanza kucheza mikononi. Mwili wako utataka kuukaba. Usiukabe. Kabla hujaingia weka gia nyepesi kidogo, sogeza makalio nyuma ya kiti, legeza vidole, kisha uache usukani uyumbeyumbe wenyewe huku miguu ikizungusha pedali mfululizo, bila kushtua. Macho yaende mbele, pale ardhi inapoanza kuwa ngumu, yasigande kwenye gurudumu. Ukisimama juu ya pedali, uzito unatoka nyuma, gurudumu linachimba, na baiskeli imekwama. Nawapita vijana wenye mapafu makubwa kuliko yangu katika sehemu hizi, na hilo linanifurahisha kwelikweli.

Upepo wa tairi nao una hesabu yake. Ukijaza psi 20 sebuleni penye nyuzi joto 20, ukitoka kwenye nyuzi sifuri utabaki na chini ya 18. Pima nje, tairi likishapoa.

Baridi yenyewe huwaelemea wazee zaidi, kwa kuwa mwili wetu hauhifadhi joto lake kama zamani. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya kitambaa cha michezo. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Waendeshaji huondoka kwa makundi, na kusubiri zamu kunaweza kupoza miguu uliyoipasha moto. Mimi huvaa koti kuukuu la mtumba hadi kundi langu liitwe, ndipo mume wangu analipokea. Chupani natia maji ya uvuguvugu, na nakunywa hata kama sisikii kiu, kwa sababu baridi huficha kiu na umri pia huificha. Chakula changu njiani ni tende. Nazitoa kokwa nyumbani, nazikata vipande, naziweka mfuko wa kifuani karibu na mwili ili zisigande. Huwezi kuhangaika na kokwa ukiwa na glavu nene.

Kilomita za mwanzo zina fujo, kila mtu anawania njia kabla haijawa nyembamba. Waache waende. Utawakuta wengi wao kwenye vilima vya mwisho, wakisukuma baiskeli kwa mkono.

Kabla ya yote hayo, mwenzangu uliyevuka hamsini, nenda ukapimwe moyo na presha. Mwambie daktari wazi kwamba unataka kushindana, si kutembeza baiskeli, maana vipimo vya hayo mawili havifanani. Akikuruhusu, jiandikishe mapema.