Haldane: Askari Aliyegeuka Mwalimu wa Biolojia

Wengi wetu huliona somo la Biolojia kuwa la kukariri tu. Mtihani ukiisha, daftari tunalitupa uvunguni. Hebu leo nikusimulie habari za mwalimu aliyelisoma somo hili kwa mwili wake mwenyewe. Huyu si mwingine bali ni J. B. S. Haldane.

Alizaliwa Oxford, Uingereza, tarehe 5 Novemba 1892. Wahenga walinena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yake, John Scott Haldane, alikuwa mtaalamu wa upumuaji. Siku moja alimshusha kijana wake mgodini, mahali penye gesi ya methani, akamwamuru asimame na kughani hotuba ya Antonio kutoka tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar (ile ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili mwaka 1963). Kijana akaanza kwa madaha. Hakufika mbali! Pumzi zikamwenda mbio, miguu ikalegea, akaanguka chini pu! Huko chini akapata hewa safi, akazinduka. Kumbe methani ni nyepesi kuliko hewa, nayo hukaa juu!

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Haldane alijiunga na kikosi cha Black Watch. Mnamo Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Haldane akaitwa amsaidie baba yake kupima barakoa za kuzuia sumu hiyo. Waliingia katika chumba chenye klorini, mara wakiwa na barakoa, mara bila. Baadaye alijeruhiwa Ufaransa, kisha Mesopotamia (Iraki ya leo), akapelekwa India kuuguzwa.

Vita vilipokwisha alishika chaki. Alifundisha Oxford, kisha Cambridge, na kuanzia mwaka 1933 hadi 1957 katika chuo cha University College, London. La ajabu ni kwamba hakuwa na digrii yoyote ya sayansi! Alikuwa amesomea hisabati na maandishi ya kale ya Wayunani na Warumi. Hisabati hiyo ndiyo aliyoitumia kueleza jinsi jeni zinavyoenea au kutoweka katika jamii.

Mwaka 1939 nyambizi ya Kiingereza, Thetis, ilizama na watu 99 wakafa. Haldane akajifungia ndani ya chumba cha chuma ili ajue hewa chafu humfanya nini binadamu. Katika majaribio ya namna hiyo aliwahi kutoboka viwambo vya masikio na kuumia uti wa mgongo. Hakuwa malaika, alikuwa mwepesi wa hasira. Lakini jaribio la hatari alilianza yeye mwenyewe.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1949 Haldane alitoa wazo kuwa jeni fulani ya ugonjwa wa damu huenda imeenea kwa sababu humkinga mtu na malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha kuwa ndivyo ilivyo kwa selimundu. Ndiyo maana jeni hiyo ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, na ni haba nyanda za juu zenye baridi.

Tuiite jeni ya kawaida A, na ya selimundu S. Mwenye AS si mgonjwa, tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Mwenye SS ndiye mgonjwa: chembe zake nyekundu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, naye akapata maumivu makali. Wazazi wawili wenye AS wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili za kuwa AS, na moja ya kuwa AA.

Darasani kwetu yupo mwenzetu mwenye SS. Kabla hatujajua, tulisema ati anajifanya mgonjwa ili ahepe mbio za asubuhi. Nami nilicheka pamoja na wengine. Siku mwalimu alipochora A na S ubaoni, nilitazama dawati langu kwa aibu. Ugonjwa huu si uvivu, si laana wala si uchawi. Ni jeni mbili zilizokutana. Nilimwomba msamaha, akasema, “Yamepita.” Nawe ukiweza, pimwa ujue damu yako kabla ya kufikiria ndoa.

Haldane alihamia India mwaka 1957, akafariki huko tarehe 1 Desemba 1964. Alikuwa ameusia kuwa maiti yake isizikwe, ipewe chuo cha udaktari ili wanafunzi wajifunzie. Ama kweli, ualimu wake haukukoma alipokata roho.

Zoezi: Baba ana AS na mama ana AA. Je, yupo mtoto wao atakayekuwa SS? Chora jedwali, kisha umweleze jirani yako.