Okapi wa Mwitu wa Ituri

Okapi ni mnyama wa Kongo. Nchi nyingine yoyote duniani haina okapi katika mwitu wake. Idadi kubwa yao hukaa katika mwitu wa Ituri. Ukimwona kwa nyuma, utadhani ni punda milia. Lakini ndugu yake wa kweli ni twiga.

Katika mwitu huo mna giza hata mchana, maana majani ya miti mirefu huzuia jua. Mvua hunyesha mara nyingi. Tena chui yumo, anatafuta chakula. Basi, okapi huishije humo?

Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, karibu nyeusi. Matakoni na miguuni ana mistari myeupe, kama nuru inayopenya kati ya majani. Akisimama kimya, ni vigumu kumwona. Manyoya yake yana mafuta, kwa hiyo maji ya mvua huteleza. Masikio yake ni makubwa. Huyageuza huku na huku, asikie hata hatua ndogo. Ulimi wake ni mrefu sana. Kwa huo hukamata majani na kuyachuma, tena hulamba masikio yake mwenyewe.

Okapi huchukua mimba zaidi ya miezi 14, akazaa mtoto mmoja tu. Mtoto hulala amejificha kichakani. Mama huenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha. Kwa muda wa mwezi mzima, hata zaidi, mtoto hatoi mavi. Kwa nini? Kwa sababu chui hufuata harufu. Asiponusa kitu, hupita zake.

Lakini mtego wa waya haunusi, wala hauchoki kungoja. Okapi akipita penye mtego, hunaswa, na ukimya wake haumsaidii. Tena miti ikikatwa, hana tena pa kujificha. Kwa hiyo mwaka 1992 sehemu ya mwitu wa Ituri ilitengwa iwe hifadhi ya okapi. Walinzi huzunguka humo na kuondoa mitego.

Okapi anajua kumkwepa chui. Kumkwepa mtu hawezi. Mtu ndiye wa kumhurumia.

Maulizo
1. Kwa nini mwituni mna giza mchana?
2. Mistari ya okapi humsaidia nini?
3. Mtoto wa okapi huponaje kwa chui?
4. Mtego wa waya wapita chui kwa ubaya. Eleza sababu.