Kifua Kipana, Pumzi Haba

Ukipita Mowlem jioni utawaona vijana wakinyanyua vyuma walivyojiundia kwa mikebe ya saruji. Vifua vimetuna kweli. Lakini hebu mmoja wao akimbilie matatu, uone atakavyohema!

Nguvu na pumzi ni vitu viwili. Kumbuka pigano la Kinshasa, Oktoba 30, 1974. George Foreman, mwenye miaka 25, alikuwa amewashinda Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi ya pili. Kwa uzito wa konde, ni mabondia wachache waliomkaribia. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha arushe makonde hadi mikono ikalegea. Katika raundi ya 8 Foreman alianguka.

Msuli unene vipi, hutegemea moyo na mapafu kuuletea hewa safi kupitia damu. Kwangu mimi Ali ndiye aliyekuwa mwanamichezo kamili: miguu, macho na pumzi. (Kupigwa kwake usikuige, mwaka wa 1984 alipatikana na ugonjwa wa Parkinson.)

Jipime basi. Ikiwa umepita miaka 40 au una shinikizo la damu, mwone daktari kwanza. Ruka kamba dakika tatu, yaani raundi moja, pumzika dakika moja, kisha urudie. Ya pili ikikushinda, punguza vyuma, utembee kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Kifua kikikubana, acha papo hapo uende hospitali.