Kijana wa Jirani Anaposikia Sauti

Redio imegeuzwa, inatazama ukuta. Kijana wa miaka 19 amejifungia chumbani tangu juzi. Anasema mtangazaji anamtaja jina. Uji umepoa mlangoni. Mama yake hajui agonge tena au akaite watu. Huko nje watu wameshahukumu: huyu anasema karogwa, yule anasema ni bangi.

Madaktari huiita hali hii saikosisi. Mara nyingi huanza ujanani, na hutibika. Tiba ikiwahi, matumaini huwa makubwa zaidi. Lakini daktari humwona mgonjwa dakika chache kwa mwezi. Siku zote zilizobaki yumo mikononi mwetu.

Aongee naye mtu mmoja. Awe yule anayemwamini, shangazi au kaka, si baraza la ukoo. Watoto waondoke mlangoni. Keti pembeni yake, usimsimamie kichwani. Usimbishie kwamba hakuna sauti, wala usijifanye unazisikia. Mwambie: "Mdogo wangu, mimi sizisikii, ila naona zinakutisha. Nikae nawe kidogo?"

Wahini hospitali. Malaria kali, maambukizi ya ubongo au sukari kushuka navyo humchanganya mtu. Akiwa na homa, au amebadilika ghafla, hiyo ni dharura. Vinginevyo anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Rufaa yaweza kufika hospitali za magonjwa ya akili: Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu kwa Zanzibar, au Mathari jijini Nairobi. Nendeni na karatasi: ilianza lini, analalaje, anakula nini, anatumia kilevi gani. Familia ikitaka dua, isomwe, na dawa ziendelee. Minyororo, viboko na kunyimwa chakula si tiba; mkiviona, mwiteni mwenyekiti wa mtaa.

Dawa zisikatizwe. Wengi huziacha wakishapata nafuu, na ugonjwa hurudi. Wengine huziacha kwa sababu zinawachosha, zinawanenepesha au zinawatetemesha mikono. Msimwite mkaidi, msindikizeni akamweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Shingo ikikakamaa au macho yakiganda juu, msingoje siku ya kliniki: ipo dawa ya kulegeza. Majirani wagawane nauli na zamu za kumsindikiza. Marafiki nao wamtembelee bila bangi wala mirungi, maana vyote viwili vyaweza kumrudisha alikotoka.

Hatari isisubiri asubuhi. Akisema anataka kufa, au sauti zinamwamuru amdhuru mtu, asiachwe peke yake. Ondoeni sumu ya panya, visu, kamba na akiba ya dawa. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, mkiwa na watu wachache watulivu.

Mrudishieni nafasi yake. Hapa ndipo mtaa unapomshinda daktari. Kama alikuwa kwa fundi seremala, aanze na saa mbili kwa siku, apige msasa, apumzike. Kama alikuwa golikipa, aitwe mazoezini hata akiketi tu kando ya uwanja. Mwalimu amhifadhie dawati. Muulizeni mwenyewe anataka kuanza na nini, kisha mfuate mwendo wake. Na jina la "chizi" likomeshwe kijiweni na wakubwa kwanza, watoto watafuata.

Msimsahau anayemlea. Mama huyu halali. Mpokeeni: mmoja akae na kijana Jumamosi ili mama aende sokoni au kwenye kikoba chake, mwingine alete maji. Msimuulize alikosea wapi; ugonjwa huu hauletwi na malezi mabaya.

Kwa leo, mmoja wenu aende akapashe ule uji moto, auweke tena mlangoni, kisha amwambie mama: "Dada, kesho kliniki tunakwenda wote."