Somo la mwezi: Mutoto anakula kile anachoona wakubwa wanakula



Kila mara tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na bei ya soko. Leo tuingie jikoni, juu mavuno yetu yanaishia pale.

Siku moja nilikuwa natembelea mashamba upande wa Kalehe, kandokando ya ziwa Kivu. Familia moja ikanikaribisha kula. Baba na mimi tuliwekewa bugali na sahani ya sambaza. Watoto walikaa pembeni na bugali na supu tu. Nikamwita mdogo wao achukue samaki. Akajibu: "Agronomi, sambaza ni za baba. Sisi tunakulaka supu." Na mama yake ndiye anauza sambaza sokoni!

Kalsiumu ni nini?

Ni madini yanayojenga mifupa na meno. Mutoto wa miaka 4 mpaka 6 anahitaji karibu miligramu 600 kwa siku. Mtu mzima anahitaji 1000, lakini kijana wa miaka 10 mpaka 18 anahitaji 1300, juu mifupa yake inakua mbio. Mutoto akikosa kalsiumu kwa muda mrefu, mifupa inabaki laini na miguu inaweza kupinda. Bugali ya muhogo inashibisha, lakini kalsiumu yake ni kidogo sana.

Tunaipata wapi?

- Maziwa yaliyochemshwa au ya kuganda: kopo ya mililita 250 ina karibu miligramu 300.
- Sambaza na ndakala, zikiliwa nzima. Kalsiumu iko ndani ya mifupa yao. Supu peke yake haitoshi.
- Sombe na lengalenga. Lengalenga ina kalsiumu nyingi, lakini mwili haushiki yote. Tusiitegemee peke yake.

Familia inafanya nini?

Mutoto hazaliwi akichukia majani. Anajifunza mu nyumba. Baba akisukuma lengalenga pembeni na kusema ni chakula cha maskini, kesho kijana wake atasema vilevile. Tukiuza maziwa yote asubuhi, jioni tununue sukre, mutoto anaelewa kwamba maziwa ni ya watu wengine.

Lakini mazoea yanabadilika. Sambaza zililetwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wetu walikua bila kuzijua, na leo nani kwetu hazijui? Siku ile kule Kalehe, baba alisikia jibu la mutoto wake, akanyamaza kidogo, kisha akasukuma sahani katikati ya watoto. Hakuna sheria iliyomkataza kufanya hivyo mbele. Yalikuwa mazoea tu.

Kazi ya kufanya nyumbani

1. Sisemi tuache kuuza maziwa; pesa yake inalipa masomo. Lakini hakuna mkulima anayeuza mbegu yote. Toa kwanza kopo za watoto, kinachobaki kiende sokoni.
2. Gawa sambaza kwa wote: wasichana, wavulana, na zaidi mama mwenye mimba.
3. Kwa mutoto aliyepita miezi 6, kausha sambaza vizuri, saga nzima, chunga unga mpaka uwe laini, tia kijiko ndani ya uji.
4. Baba, kula majani mbele ya watoto, na uyasifu. Neno lako linapita mafundisho ya agronomi.

Maswali ya mkutano

Kwetu nani anapakuliwa kwanza, na nani anabaki na supu? Chakula gani tunakiita cha maskini? Katika maziwa ya wiki iliyopita, watoto wetu walikunywa kopo ngapi?

Andikeni majibu. Tutayasoma pamoja nikipita kwenu.