Kwa nini mwili haukuiona kansa ya mtoto?

SWALI: Munganga, mtoto wa dada yangu ana miaka 6, amekulia Walikale. Taya lilivimba, meno yakaanza kucheza. Waling'oa mawili, uvimbe ukazidi. Goma wametuambia ni limfoma ya Burkitt, kansa inayofuatana na virusi. Sisi wa Masisi hatuujui ugonjwa huo, na majirani wanasema ni mkono wa mtu. Kama ni virusi, mwili wake ulikuwa wapi? Na wadogo zake je?
Mama mdogo, Masisi

JIBU: Pole sana, mama. Mwili uliviona virusi, tena zamani. Vinaitwa Epstein-Barr, hupita kwenye mate, na huku kwetu watoto wengi huvipata kabla ya kufikisha miaka 3. Huenda wewe na mimi tunavyo hadi leo. Hukaa maisha yote ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na kwa kawaida havimsumbui mtu.

Kinachovidhibiti ni seli T. Kila seli ya mwili hukatakata protini zinazotengenezwa ndani yake na kuonyesha vipande juu ya ukuta wake, vikiwa vimeshikwa na molekuli za HLA. Seli T hupita zikivikagua, kama wale wa bariera wanavyotaka karata kabla ya kukupisha, ila hizi hazidai pesa. Zikikuta kipande cha virusi, zinaiua seli hiyo.

Seli ya Burkitt imenyamazisha karibu protini zote za virusi. Imebakiza hasa moja, EBNA1, kwa sababu bila hiyo virusi hupotea seli inapogawanyika. Na EBNA1 ni sumbufu: katikati yake kuna mnyororo mrefu wa glisini na alanini unaozuia isikatwekatwe kirahisi, hivyo vipande vinavyofika juu ni vichache. Juu ya hapo, seli hiyo hupunguza HLA zake pamoja na molekuli ambazo seli T huzishikilia. Seli T muuaji inapita bila kuona kitu.

Hata hivyo haijifichi kabisa. Lipo kundi jingine la seli T, CD4, linaloweza kuitambua EBNA1 kwa njia tofauti. Mwaka 2009 Ann Moormann na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa magharibi mwa Kenya. Seli T za wenye Burkitt zilijibu protini nyingine za virusi, lakini kwa EBNA1 zilikaa kimya. Kinga ya mtoto wenu, basi, si lazima iwe dhaifu kwa kila kitu. Pengo liko pale pale ambapo kansa imebakiza alama yake.

Pengo hilo linahusiana sana na malaria. Malaria kali ya falsiparamu, ikimrudia mtoto mara kwa mara, huzichochea seli B zizaliane kwa wingi na huzilegeza seli T zinazozilinda. Katika pilikapilika hiyo kromosomu hukatika na kuunganishwa vibaya: jeni ya MYC, kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi huhamia kwenye ya 14, karibu na jeni za kingamwili. Hapo seli haina breki tena. Uvimbe unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Na ni kwenye malaria ndipo Masisi na Walikale zinapotofautiana. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1958, alisafiri mwaka 1961 na wenzake wawili kwa gari kuukuu hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali. Aligundua kwamba juu ya mita 1500 hivi, kwenye baridi, uvimbe huu ni nadra. Milima yenu ya malisho iko huko juu. Walikale ni msitu wa chini, joto na mvua, na mbu hawapumziki mwaka mzima. Majirani wanaotafuta mkono wa mtu wangetazama kwanza mita za mwinuko.

Sasa mtoto. Kung'oa meno hakusaidii. Madaktari wakishapata kipande cha uvimbe cha kupima, dawa za kansa, kama siklofosfamidi na vinkristini, zianze mara moja, na zisikatizwe uvimbe ukionekana umeyeyuka, kwa maana hapo ndipo familia nyingi hurudi nyumbani. Watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dozi hupona. Barabara ni mbaya na vita vinaifunga, najua. Ndiyo maana nawasihi msirudi Walikale katikati ya matibabu. Tafuteni pa kufikia Goma.

Wadogo zake hawataambukizwa kansa hii naye, hata wakila sahani moja. Virusi pengine wanavyo tayari. Walale ndani ya chandarua chenye dawa, homa ipimwe siku ileile, na yeyote akivimba taya, jicho au tumbo bila maumivu makubwa, apelekwe hospitali kuu kabla ya kwenda kwa mng'oa meno.